Jiwe Lililoguswa

Ukimsikiliza Arlene Kostiuk, jirani wa nyumba ya pili, utaambiwa kwamba Lorna alifagia jiwe la mwisho huku mshono umefumuka, damu inamchuruzika mpaka viatuni, na bado meno nje anacheka. Arlene alikuwa ghorofani nyuma ya kioo, juu ya uwanja wa kelingi, mchezo wa kutelezesha mawe mazito kwenye barafu, kikombe cha kahawa mkononi, na anaapa kwamba doa lilibaki kwenye barafu.

Hapakuwa na damu. Ilikuwa ngiri ya kitovu tu, upasuaji wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Daktari alisema wiki sita asishike ufagio, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Lorna alimwambia nahodha wao, Gwen, kwamba daktari ameruhusu. Aliusema uongo huo kwa sauti nyepesi, kama mtu anayeomba chumvi. Kilichomsukuma ni kwamba Kayleigh, mpwa wa Gwen, alikuwa ameshika nafasi yake mechi tatu, na zote tatu wameshinda. Nyumbani Lorna alilala na mfuko wa barafu tumboni, akisubiri simu ya kuambiwa wanamkosa. Haikulia.

Basi akarudi. Ilikuwa fainali ya mji, na mshindi angekwenda kuuwakilisha mji kwenye mashindano ya wilaya. Timu zilikuwa sare, limebaki jiwe moja la Gwen, na kule mwisho, katikati ya duara la ushindi, jiwe la Theda Lindgren, nahodha wa timu pinzani, limekaa kama mwenye nyumba. Gwen akaliachia lake. Lorna na mwenzake wa timu, Sharla, wakakimbia nalo kila mtu upande wake, wakifagia barafu mbele yake ili liteleze mbali zaidi.

"Fagia! Fagia, jamani, msinilalie!" Gwen alipiga kelele.

Katikati ya uwanja kichomi kikamshika chini ya kitovu. Mkono ukalegea. Kichwa cha ufagio kikaligusa jiwe, mguso laini, kama paka anapojisugua mguuni. Sharla alikuwa anatazama mbele. Hakuna aliyeona.

Mchezo huu hauna mtu wa filimbi. Aliyegusa ndiye husema, papo hapo, na jiwe huondolewa. Watoto hufundishwa hilo kabla hawajafundishwa kulisukuma. Lorna mwenyewe, akiwa na miaka tisa, alinyanyua mkono mbele ya ukumbi mzima, na baba yake akamnunulia viatu vipya. Sasa alifungua mdomo, na kilichotoka ni mguno wa maumivu. Jiwe likaendelea, likalipiga la Theda, likakaa mahali pake. Watu wakalipuka kwa shangwe.

Kisha mikono ikashikwa, na walioshinda wakawanunulia walioshindwa kinywaji, kama ada ilivyo. Lorna mwenyewe akampelekea Theda bilauri yake. Theda alikuwa na miaka sabini na mbili. Siku ile ya upasuaji ndiye aliyekuja kwa Lorna na sufuria ya pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, akavua viatu mlangoni na kumwoshea vyombo bila kuulizwa.

Pale mezani Arlene alikuwa amekwisha fika kwenye damu.

"Wewe, Arlene, damu gani?" Sharla alimkatiza. "Labda ni mchuzi wa nyanya uliokumwagikia."

"Nimeona kwa macho haya! Huyu si mtu, ni trekta."

Walicheka. Theda akamshika Lorna mkono. "Mwanangu, mimi ningebaki kitandani nikamtuma mume wangu chai mpaka Pasaka. Mmetushinda kihalali."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Lorna kama mfupa wa samaki. Akanywa, halikushuka. Akacheka walipocheka, akasikia kicheko chake kimechelewa. Kayleigh alikuwa meza ya pembeni, anampigia makofi kwa moyo wote, na hilo lilimuumiza kuliko mshono.

Theda alipoinuka kwenda kwenye makoti, Lorna alimfuata.

"Mama Theda, nililigusa."

"Uligusa nini?"

"Jiwe. La mwisho. Katikati ya uwanja." Uso ulikuwa unamwaka mpaka masikioni. "Na daktari hakuniruhusu. Nilimdanganya Gwen."

Theda aliingiza mkono mmoja kwenye koti, akasimama hivyo, mkono wa pili unaning'inia.

"Ulijua pale pale?"

"Nilijua."

"Na ukanipa mkono."

"Nikakupa."

"Wanawake wangu wamelia kule kwenye chumba cha kuvalia, Lorna. Bernice wetu atakuwa na miaka sabini na saba mwakani."

Kutoka ndani walisikia Gwen akiimba, na viti vikiburutwa.

"Nataka niwaambie wote, sasa hivi," Lorna alisema. "Pale mezani nimefungua mdomo mara mbili, nikaishia kucheka nao. Nakuomba turudi sote. Usiseme chochote. Kaa tu karibu yangu mpaka nimalize."

Theda alimalizia mkono wa pili wa koti. Akafunga vifungo kuanzia chini, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Akavaa glavu ya kushoto, akavaa ya kulia, kisha akaanza kuupapasa mfuko akitafuta ufunguo wa gari, ambao vidole vyenye glavu nene haviwezi kuushika, wala hakupiga hatua kuelekea mlango wa kutokea.