Simbilisi Aliyekataa Uji

Katika jiko la hospitali kulikuwa na meza ya pembeni, mbali na masufuria makubwa, na hapo ndipo Rojo alipokuwa mfalme. Kazi yake ilikuwa chakula cha wasioweza kutafuna: waliopasuliwa koo, wazee waliobaki na ufizi, walioteguka taya zikafungwa waya. Viazi, karoti, maboga, nyama, vyote vilipita kwenye mashine yake ya kusaga, kisha kwenye chujio, kisha kwenye chujio jingine lenye matundu madogo zaidi, mpaka isibaki hata punje ya kumkwaruza mtu ulimi. Wenzake walimbandika jina la Rojo kwa kumtania. Yeye akalivaa kama kofia ya cheo. Watu walikataa dawa katika wodi zile, walikataa sindano, walikataa hata ndugu zao waliokuja kuwaona. Uji wa Rojo haukuwahi kukataliwa.

Basi pima mwenyewe ilivyomkata maini kukataliwa na simbilisi.

Simbilisi huyo aliitwa Filimbi, kiumbe wa kutosha viganjani, mweupe mgongoni, kahawia usoni, hana hata mkia wa kujivunia. Alikuwa wa binti yake. Binti alipopata kazi ng'ambo alimwachia mama yake, na mama alipofariki, Filimbi akabaki mikononi mwa Rojo kama vile vitu vya marehemu ambavyo hakuna ndugu anayevigombea. Mwanzoni alimwona kero. Lakini kila jioni, ufunguo ukigusa tu kitasa, mnyama yule alipiga mluzi mrefu huko ndani, mluzi wa mtu anayeuliza ulikuwa wapi siku nzima. Mwanamume anayepigiwa mluzi hivyo hawezi kusema anaingia nyumba tupu.

Na kulikuwa na jambo zito kuliko mluzi. Kila Jumapili binti alipiga simu ya video. Walisalimiana, wakaulizana hali, wote wazima, kisha kimya kikaingia na kuketi katikati yao kama mgeni asiyejua kuaga. Miaka yote baba na binti hawa walikuwa wakizungumza kupitia kwa mama. Mwambie baba yako. Muulize binti yako. Mama alipoondoka, kila mmoja alibaki ng'ambo yake ya mto na hakuna mwenye mtumbwi. Hapo ndipo Rojo alipoigeuza simu kuelekea tundu la Filimbi, na binti akaangua kicheko, akamtania Filimbi kwa kitambi chake, akamsimulia baba yake vituko vya zamani vya mnyama yule, na maongezi yakanoga. Rojo hakuwa mjinga. Alijua ni nani hasa anayepigiwa simu. Filimbi akifa, wao wawili watazungumza nini?

Kwa hiyo alimtunza kwa ufundi wote aliokuwa nao. Nyasi kavu alizozikuta tunduni alizitupa. Hayo kwake yalikuwa matandiko ya punda. Badala yake alimsagia karoti, akamsagia boga, akalainisha hata vile vidonge vigumu vya chakula cha simbilisi mpaka vikawa uji. Filimbi alilamba na kupangusa sharubu, na Rojo akachekelea peke yake. Mambo yakaenda hivyo miezi na miezi.

Kisha Filimbi akaanza kubakiza. Akabakiza nusu, akabakiza robo tatu, akawa anakisogelea kibakuli, ananusa, anafungua mdomo kama anayetaka kusema, halafu anarudi kwenye kona yake akiwa amevimba manyoya. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mate. Rojo alichuja upya, akachuja tena. Akatia tone la asali. Akapoza, akapasha. Wahenga wamesema mgonjwa haulizwi uji, lakini Rojo alipiga magoti akamuuliza kwa adabu zote anataka upi. Jioni moja aliingiza ufunguo, akazungusha, akangoja. Hakusikia mluzi. Alisimama pale mlangoni na mkoba begani kama mtu aliyekosea nyumba.

Jirani yake, fundi viatu, alipomwona ameduwaa alimuuliza kuna nini, na alipoelezwa akacheka. Akasema kwa panya aliyekatika mkia hakuna haja ya kukunja sura, akifa atapatikana mwingine. Rojo alimjibu kwamba viatu navyo hupatikana vingine, sasa yeye fundi ana faida gani duniani, akaufunga mlango.

Jumapili alidanganya. Alimwambia binti kwamba Filimbi amelala, asiamshwe. Binti akasema sawa, baba. Kimya kikaingia, kikaketi, na safari hii hapakuwa na wa kukiondoa. Simu ilikatika mapema kuliko siku zote.

Kesho yake asubuhi aliomba ruhusa kazini, akamtia Filimbi kwenye kikapu chenye taulo na kumpeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mikono imejaa alama za kucha za paka. Alimpapasa Filimbi tumbo, akasikiliza, akasema matumbo yamekaribia kusimama. Kisha akamulika mdomoni kwa kitochi.

"Baba, huyu anakula nini?"

Rojo alimweleza kwa fahari: machujio mawili, karoti, boga, mpaka lile tone la asali. Alipomaliza, daktari alimwita aje aangalie mwenyewe. Magego ya Filimbi yalikuwa yamerefuka kutoka pande zote mbili na kuinamiana juu ya ulimi kama uzio, na ulimi ulikuwa umebanwa chini yake.

"Meno yao hayaachi kuota," daktari alisema. "Nyasi ndizo zinazoyasaga. Huyu hakupewa cha kutafuna. Njaa anayo, baba. Hawezi kumeza."

Rojo alitaka kubisha. Alishika ukingo wa meza.

Filimbi alipewa dawa ya usingizi, magego yakapunguzwa. Daktari alimrudisha kikapuni akiwa amelegea na kutoa maagizo: amnyweshe uji kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo, ili tumbo lisife, na nyasi zikae mbele yake wakati wote. Uji utamvusha tu. Asipoanza kutafuna mwenyewe, atarudi alikotoka.

Rojo alikata nyasi kwenye ua wa nyuma wa hospitali kwa kisu chake cha jikoni. Wenzake walichungulia dirishani wakamuuliza kama siku hizi wagonjwa wanalishwa malisho. Akaendelea kukata.

Nyumbani aliketi sakafuni kando ya tundu. Uji wa bomba ulishuka, nusu yake ukaishia kifuani. Nyasi hazikuguswa. Jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine, nyasi bado zilezile. Hapo Rojo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimpigia binti yake yeye mwenyewe, tena siku isiyo Jumapili.

"Baba? Kuna nini?"

Akamwambia yote. Kwamba Filimbi hali chakula. Kwamba jana hakuwa amelala. Kwamba ni yeye, kwa mkono wake na chujio lake, aliyemfikisha hapo.

"Mama alikuwa akimkatia majani kila siku," binti alisema. "Hukujua, ulikuwa kazini."

"Sikujua."

"Na akishamwekea alikaa naye, anakula chake. Filimbi hapendi kula peke yake."

Rojo aliangalia jiko lake. Tangu msiba halikuwa limempikia binadamu. Yeye alikula kazini, wima, kwa kijiko cha kuonjea. Akainuka, akachukua karoti, akaiosha bila kuimenya wala kuisaga. Akaiweka simu sakafuni, akaketi, akauma. Karoti ilikuwa ngumu, na jino lake bovu likamtonesha mpaka machozi yakamlenga. Akatafuna.

"Ni yeye huyo?" binti aliuliza.

"Hapana. Ni mimi."

"Endelea, baba."

Akaendelea. Hakuna aliyeuliza habari za kazi wala hali ya hewa. Rojo alitafuna, akameza, akauma tena, macho yake ukutani kwa sababu hakuthubutu kuangalia tunduni. Kisha binti akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege:

"Baba, acha kidogo."

Akaacha kutafuna. Ule mtafuno mwingine, mdogo na wa haraka, ukaendelea.

"Huyo sasa ni yeye," binti alisema.

Rojo aliisogeza simu karibu na tundu, akauma karoti tena. Binti hakukata simu.