Mkono wa Kupokea Mbao

Jumamosi asubuhi seremala aliinama mbele ya msumeno wa mkanda dukani, akapitisha kiganja juu ya meza yake ya chuma kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe kabla ya kumnunua. Ulikuwa mpya. Rangi yake ya kijani haikuwa na mkwaruzo, na utepe wa meno ulizunguka magurudumu mawili bila kutikisika. Wake wa karakanani ulikuwa umepasuka gurudumu la juu, na wateja wa vitanda hawana subira.

"Huu hauhitaji mtu wa pili, fundi," alisema dada muuzaji. "Nyuma kuna roli, vyuma vinavyozunguka. Mbao inajipokea yenyewe."

"Na kinga ya meno?"

"Kinga inauzwa kando. Kiwanda cha samani kimejaza ukumbi mzima kwa misumeno hii, na hakuna aliyeulizia kinga."

Seremala alikijua kiwanda hicho. Kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yake. Kaka yake alifanya kazi humo, na jioni akimpokelea mbao karakanani, mpaka siku msimamizi alipoifungua kinga na kuitupa, kwa kuwa ilichelewesha kazi. Msumeno ukachukua mkono wa kulia, kwenye kifundo. Kaka aliomba mashine izimwe, mkono utafutwe. Msimamizi akasema kuna oda ya madawati. Akasema pia kwamba aliyekatwa ni mzembe, na mzembe hana fidia. Kaka alipofariki kwa jeraha hilo, mama yao alimvalisha shati lake zuri, akaushona mkono wa kulia wa shati kwa uzi mweupe, usipwaye. Walioyaona ya kiwandani wapo. Wana watoto wa kulisha, basi wamesahau.

Tangu hapo seremala alisukuma mbao peke yake, kisha akauzunguka msumeno mbio kuidaka upande wa pili kabla haijaanguka.

"Nitarudi, dada," alisema.

Alikwenda kwenye uwanja wa mashine zilizotumika, nyuma ya kituo cha mafuta. Mzee wa vyuma alikuwa amekalia tairi kando ya msumeno wa mkanda wenye kutu, akitafuna karanga.

"Huo ni wa kiwandani," alisema mzee. "Wameuza ya zamani yote. Mota nzima. Kutu ni ya usoni tu, kama uzee wangu."

"Una kasoro gani?"

"Una mkono ndani."

Mzee alifungua mlango wa chini. Juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa, mkono wa kulia ulikuwa umelala kifudifudi. Ulikuwa na afya, kucha zimekatwa vizuri. Ukucha wa gumba ulikuwa na ufa, ule wa nyundo ya utotoni.

Seremala alichuchumaa. "Shikamoo, kaka."

Mkono ukageuka, ukamshika vidole, ukaminya. Ulikuwa na joto.

"Mkono huu unakula nini?"

"Hauna gharama," alisema mzee. "Mafuta kidogo, ngozi ikikauka. Wenzako wamekuja wakaukataa. Mmoja kaniuliza atapata wapi glavu ya upande mmoja! Mimi nauza kama ulivyo. Nikiutoa, mashine inagoma."

Seremala alitazama magurudumu yaliyolika na mahali palipokuwa na kinga, palipobaki matundu ya skrubu. Ule mpya ulikuwa bora kwa kila kitu. Ule mpya haukuhitaji mtu.

"Nisaidie kupakia, mzee wangu," alisema.

Kabla ya kukata hata ubao mmoja, alikunja bati nene, akatengeneza kinga, akaifunga kwenye matundu yale. Kazi ikaanza. Yeye alisukuma mbele, mkono ukapokea nyuma. Katika kelele za mashine sauti haifiki, kwa hiyo tangu ujana ndugu hawa walizungumza kwa meza: kugonga mara moja, sukuma; mara mbili, zima.

Jioni alikula karibu na mashine. Alisimulia habari za mama, kwamba macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Mkono uliendelea kufagia unga mezani. Mkono hauna masikio. Alimaliza habari yake hata hivyo, akaosha sahani.

Asubuhi moja alikuwa akipasua mbao safi, isiyo na fundo wala msumari. Mkono ukagonga mara mbili. Akazima. Akaikagua mbao, hakuona kitu. Mkono ukagonga tena, mara mbili, kwa nguvu. Ndipo ukelele ukasikika kutoka ng'ambo ya barabara, mfupi, ukakatika.

Seremala alivuka mpaka kwenye geti la kiwanda.

"Waambie wazime," alimwambia mlinzi.

"Fundi, hujambo kwanza," alijibu mlinzi. "Wazime nini? Leo kuna oda ya meza." Akatazama chini. "Wewe rudi kazini, ndugu yangu. Usinitafutie balaa."

Nyuma yake misumeno mipya ilivuma vizuri, sauti moja, bila kukwama.

Seremala alirudi. Karakana ilikuwa kimya, mkono bado mezani, vidole vikielekea kiwandani, ukigonga mara mbili, ukingoja, ukigonga mara mbili. Alinyoosha kidole kwenye swichi ili autii. Ilikuwa imekwisha kuzimwa.