Matope ya Chini ya Ziwa

Theodora hakujua kuogelea. Alizaliwa Mwika, katikati ya migomba na kahawa, na maji aliyoyazoea ni ya mfereji. Lakini mwaka 1998 ofisi ya mazingira mjini Moshi ilimtuma kwenye ziwa moja lililo ndani ya shimo la volkano ya kale, chini ya mlima, akasimamie kampuni iliyokuwa ikitafuta madini kwenye matope ya chini kabisa. Sharti lilikuwa moja: maji yakibadilika, kazi isimame.

Asubuhi walipanda chelezo, yeye na Kornel, fundi wa mtambo. Theodora alikaa katikati, ameng'ang'ania kamba. Maji yalikuwa meusi.

Bomba la kunyonya matope lilipogusa chini, mapovu yakaanza kupanda. Ikafuata harufu ya mayai viza.

"Zima mtambo, Kornel."

"Kidogo tu, dada. Ndiyo kwanza tumefika penyewe."

Maji yakageuka rangi ya majivu. Samaki wadogo wakaibuka, matumbo juu. Kisha ghafla harufu ikapotea.

"Unaona?" Kornel akacheka. "Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Theodora aliijua gesi ile: ikizidi, pua huacha kuinusa. Akatambaa hadi kwenye mtambo, akauzima mwenyewe. Alipogeuka, Kornel alikuwa ameanguka kifudifudi.

Akaishika kamba iliyofungwa ufukweni, akaivuta huku amefumba macho asiyaone maji. Kifua kilimwaka. Aliwaza kwamba akizimia atateleza, na hakuna atakayemwona tena.

Chelezo kikagota kwenye mawe. Wanawake walikuwa wakiteka maji.

"Acheni ndoo! Pandeni juu!"

"Kuna nini, mwanangu?" akauliza Mama Aikaeli, mkubwa wao.

"Hewa ya sumu, mama. Nisaidieni kumbeba huyu, upesi!"

Wakamburura Kornel hadi juu ya ukingo, kwenye upepo. Alitapika, akavuta pumzi. Theodora akakaa chini, akalia kwa sauti mbele ya watu.

Utafiti ulisimamishwa wiki ileile. Kornel alipona, ila kichwa kiliendelea kumuuma miezi mingi, na kazi ya majini hakuirudia.

Theodora aliporudi kupima maji, aliyachota kwa ndoo yenye kamba ndefu, amesimama mbali na ukingo wa maji. Mama Aikaeli alikuwa akimsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ng'ombe wetu wanaweza kunywa sasa?"

Theodora aliyatazama maji. Yalikuwa yametulia.

"Bado sijui, mama," akasema. "Wazuieni kwanza."