Tela Lililopita Mbele ya Karakana

Mwaka aliostaafu ualimu, Yudith alinunua trekta dogo la mtumba, la nguvu za farasi ishirini na nne. Alikuwa na ekari tatu za zabibu nje kidogo ya Mvumi, alizoachiwa na marehemu mume wake, na kwa miaka mingi alitegemea mkokoteni wa ng'ombe wa kukodi kutoa mavuno shambani. Trekta lilipofika, majirani walikuja kulitazama, wakalizunguka, wakampongeza. Kilichobaki kilikuwa tela.

"Tela usinunue," kaka yake, Zablon, alimwambia. "Nitakuundia mwenyewe."

Zablon alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara itokayo Dodoma mjini, mahali ambapo huwezi kufika kwa Yudith bila kupapita. Nusu ya mageti ya pale Mvumi yalitoka mikononi mwake. Lakini miaka thelathini ya kutazama moto ilikuwa imemla macho. Kazi aliyokuwa akiimaliza kwa wiki, sasa ilimchukua mwezi, naye hakupenda mtu aliseme hilo.

Mwezi wa tano alipata ekseli ya pikapu iliyokufa. Mwezi wa sita alikuja shambani na kamba mkononi, akazama katikati ya mizabibu. Alikwenda mstari hadi mstari akivuta ile kamba, akipiga fundo hapa na pale, akainama kutazama nguzo na nyaya. Kisha akaondoka bila hata kunywa chai.

"Kaka naye," Yudith alimwambia Gideoni, dereva wake wa trekta. "Tela linaundwa kwa chuma, yeye anakuja na kamba."

Gideoni akacheka, na Yudith akacheka naye.

Agosti ilipoingia zabibu zilianza kuwiva. Yudith akaenda karakanani kuulizia. Alikuta fremu imewekwa juu ya mawe, haina tairi wala sakafu, na Zablon amekaa pembeni anachomelea kitanda cha mteja.

"Bado kidogo, Yudi."

Hilo "bado kidogo" alikuwa amelisikia tangu Juni. Angeweza kusema pale pale kwamba amechoka kusubiri, kwamba zabibu zikiwiva hazimngoji mtu. Hakusema. Alimuaga kaka yake vizuri, akarudi nyumbani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimweleza mwenzake wa kanisani, Devota. Devota hakuwa mtu wa kuzungusha mambo. "Mwalimu, utaozesha zabibu kwa kumwonea ndugu haya? Twende mjini, kuna yadi wanauza zana za kilimo."

Jumanne walikuwa kwenye hiyo yadi. Muuzaji, bwana mmoja mpole aitwaye Erick, aliwapokea na swali.

"Mama, trekta lako lina farasi ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Basi linalokufaa ni hili." Aliwaonyesha tela dogo la tani moja na nusu, jembamba, kuta zake fupi, rangi yake ya kijivu kama ya ndoo ya bati.

Pembeni yake lilisimama jingine, jekundu, la tani tatu, lina kuta ndefu na mlango wa nyuma unaofunguka kwa komeo. Yudith aliligusa. "Na hili?"

"Hilo linataka trekta zito. Likijaa, kwenye mteremko litalisukuma la kwako, na kwenye mlima linaweza kulinyanyua kichwa. Halafu mkono wake wa kuvutia uko juu. Umepima urefu wa sehemu ya kufungia kwenye trekta lako?"

Hakuwa amepima. Hakuwa amepima kitu chochote.

"Chukua kubwa, mwalimu," Devota alisema. "Hilo dogo mwaka mmoja tu utalichoka. Na watu nao wataonaje?"

Yudith alitaka kusema, ngoja kwanza nimuulize kaka yangu. Lakini angesema hivyo, Devota angeuliza: kama bado unamngoja kaka yako, hapa umefuata nini? Akalinyamazia. Akachagua jekundu.

Tela lilipakiwa juu ya lori, naye akapanda mbele na dereva. Njia nzima alikuwa akijitungia maneno. Atashuka karakanani, atamweleza Zablon kwa upole. Atamwambia lile lake litafaa kwa kazi nyingine. Lakini walipokaribia akamwona kaka yake amesimama mlangoni, kinyago cha kuchomelea amekipandisha juu ya paji la uso, mkono ameukinga machoni dhidi ya jua. Dereva akapunguza mwendo na kupiga honi, maana hakuna dereva wa barabara ile asiyemjua Zablon.

Yudith akainama. Akafungua mkoba na kuanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Hakuinua kichwa mpaka waliposhika njia ya shambani.

Siku ya kwanza ya kusomba mavuno, Gideoni alirudisha trekta nyuma ili alifunge tela. Kama muuzaji alivyosema, mkono ulikuwa juu mno. Jicho lake, ile pete ya mwishoni, halikukutana na tundu la chini la trekta, lilining'inia juu ya lile tundu kwa zaidi ya shubiri. Gideoni alizunguka mara mbili, kisha akalifunga kwenye tundu la juu, karibu na kiti, akapitisha pini.

"Limeshika, mama."

Walipakia kreti za zabibu zilizokuwa zimekusanywa pembezoni mwa shamba tangu jana yake. Trekta liliondoka vizuri kwenye tambarare. Lilipoanza kupanda kutoka kwenye korongo la njiani, tairi za mbele ziliacha ardhi, kwanza polepole, kisha kwa ghafla, mpaka pua ya trekta ikatazama mbinguni. Gideoni alikanyaga klachi. Pua ikashuka kwa kishindo, tela likarudi nyuma hadi likagota kwenye ukingo, na kreti za juu zikamwagika mchangani. Gideoni alishuka, akakaa chini.

"Ningekufa, mama," alisema. Alisema mara moja tu.

Ilibidi Yudith amwite Zablon. Hapakuwa na fundi mwingine wa karibu, na hata kama angekuwepo, Yudith hakuwa na uso wa kumpitisha mbele ya karakana ile kwa mara ya pili.

Zablon alikuja saa nane mchana kwa pikipiki ya matairi matatu, amebeba jenereta, mashine yake na kipande cha chuma kinene.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Yudi. Gideoni hajaumia?"

"Hajaumia."

"Ashukuriwe Mungu."

Hakuuliza lingine. Alipima kwa vidole, akapima tena kwa rula, uso ameusogeza karibu sana na chuma. Kisha akalikata jicho la tela, akachomelea kile chuma chini ya mkono wa tela, na jicho akalirudishia chini ya hicho chuma, sawasawa na tundu la trekta. Pini ikaingia bila kulazimishwa. Akaweka na kipini cha kuizuia isichomoke. Akamwambia Gideoni asifunge tena juu hata siku moja, na asijaze zaidi ya nusu, na mzigo aulaze juu ya ekseli, uegemee mbele kidogo tu.

"Chuma kizuri," Yudith alisema, kwa kukosa la kusema. "Umekipata wapi?"

"Kwenye lile la kwako, la karakanani. Nimelikata."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Akakusanya vifaa, akakataa chai, akaondoka.

Kesho yake Gideoni alijaribu kuliingiza tela katikati ya mizabibu. Upande mmoja ulikwaruza nguzo, upande wa pili ukavuta waya, vichala vikaanguka. Akasimamisha.

"Haliingii, mama. Limezidi mistari kama kwa kiganja hivi."

Yudith alisimama pale pale akitazama nafasi kati ya mistari miwili. Ndipo alipoikumbuka ile kamba na mafundo yake, na kicheko walichokicheka yeye na Gideoni. Akaenda nyuma ya mti wa mkungugu, akalia.

Alasiri alikwenda kwa kaka yake na kreti ya zabibu. Wifi yake, Loisi, akampokea, akaweka viti viwili uani, akaingia jikoni na kuwaacha.

"Kaka, nimekukosea."

Zablon aliisogeza kreti kivulini. "Tela si kitu. Mtu hununua anachokitaka. Na mimi nilichelewa, nalijua hilo. Ungeniambia tu, kaka nimechoka kusubiri, ningekuja hata kukusaidia kulishusha." Akajifuta macho, yaliyokuwa yakimtoka machozi muda wote siku hizi. "Nilikuona umeinama. Nilidhani unaumwa. Nikaanza kulikimbilia lile lori. Nilikimbia mpaka pale kwenye daraja."

Yudith akasema, "Niundie lingine, kaka. Nitasubiri hata mwaka."

Zablon akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la upole, na huo upole ndio uliomuuma Yudith zaidi. "Macho, Yudi. Lile ndilo lingekuwa la mwisho. Ekseli nimeshampa Bartolomayo wa Busi, amekuja kuichukua asubuhi."

Walikaa wakazungumzia mvua. Loisi alileta ugali na mlenda, wakala.

Karakana ilifungwa kabla ya Krismasi. Tela jekundu sasa hubeba mchanga na mawe ya watu wanaojenga, na kazi hiyo hulifaa. Zabibu hutolewa mistarini vichwani mwa vibarua. Zablon huja kwa dada yake kwenye sikukuu, akiongozwa mkono na Loisi. Hukaa sebuleni kwenye kiti cha wageni, hungoja akaribishwe ndipo ale. Zamani alikuwa akiingia jikoni na kufunua sufuria mwenyewe.

Kila mavuno Yudith humpelekea kreti ya kwanza. Na kila mara, kabla wiki haijaisha, kreti hurudi tupu, imeoshwa, pamoja na shukrani.