Kona ya Chini ya Runinga

Runinga ya mama ilikuwa na vumbi kila mahali isipokuwa kona ya chini, upande wa kulia. Hapo palisuguliwa kila asubuhi kwa kitambaa laini mpaka pakang'aa, kwa sababu hapo ndipo alipotokea binti yake, ndani ya kisanduku kidogo utadhani cha kiberiti, akitafsiri kwa mikono maneno ya waheshimiwa wabunge. Sehemu iliyobaki ya kioo haikumhusu. Alisema sura za mawaziri alishazichoka, na wakitaka wapanguswe vumbi wamtume mtu.

Mama huyu alikuwa kiziwi tangu utotoni, na binti alianza kuongea kwa vidole kabla mdomo wake haujajua kuomba maji. Kazi ya ukalimani bungeni aliipata miaka miwili nyuma, baada ya mbunge mmoja wa upinzani kuuliza, akauliza tena, akauliza mpaka watu wakamchoka, kwa nini viziwi walipe kodi kama wenzao halafu waishie kutazama midomo ikichezacheza. Mbunge huyo wenzake walimwita Mama Maswali, wengine kwa kumpenda, wengine kwa kumkejeli, na yeye aliitika kote kote. Alitembea kwa magongo mawili. Kila alipotaka kuuliza swali ilimbidi ashuke ngazi tatu hadi kwenye meza ya katikati, kwa kuwa kanuni zilisema swali lisiloulizwa mezani si swali, na ngazi zenyewe hazikuwa na hata kipande cha bomba la kushikia. Wahudumu wawili wa ukumbi walimshika makwapani wakamshusha. Alikuwa mama mzima mwenye wajukuu, na nchi nzima inamtazama akibebwa hivyo. Aliwahi kuteleza akaanguka. Alipoinuliwa alimwomba Spika amhesabie dakika zake upya.

Tena alikuwa na hamu moja ya kitoto. Alitaka jina la alama, kama walilonalo viziwi na watu wao wa karibu, alama moja tu ya mkono inayokutosha wewe mzima. Mkalimani alimweleza kwa upole kwamba jina la namna hiyo haliombwi. Viziwi wenyewe ndio hukupa, siku wakiona kitu kwako. Mbunge akanuna kidogo, halafu akacheka, akasema basi atangoja foleni kama raia wengine.

Mkalimani alikuwa na kaka mmoja. Jina lake la alama alipewa na mama: kidole cha shahada kinapita juu ya nyusi ya kushoto, kwa sababu hapo alikuwa na kovu la kuanguka na baiskeli. Baiskeli hiyo aliisukuma dada, siku ambayo breki hazikuwepo na akili hazikuwepo vilevile. Miezi minane iliyopita, kaka alisafiri nchi ya mbali kuendesha malori ya kampuni ya ujenzi, mkataba mkononi, suti ya kuazima mwilini. Wiki ya tatu alituma picha moja amevaa sare za jeshi la kigeni, kwenye vita ambavyo nyumbani hakuna aliyejua hata chanzo chake. Tangu hapo, kimya. Kila siku mama aligusa nyusi yake ya kushoto na kuinua macho kwa binti, na kila siku binti alitikisa kichwa. Kumbe familia za namna hiyo zilikuwa arobaini na moja. Mama Maswali alizikusanyia barua zao, moja ikiwa ya mama, iliyoandikwa na jirani. Hakujua kwamba mwenye barua ile ndiye mama wa mkalimani aliyekuwa akipiga naye stori kwenye korido.

Na mkalimani hakumwambia. Sheria ya kazi ilikuwa wazi: ukiwa na ndugu ndani ya jambo linalozungumzwa, useme, upumzishwe, aingie mwenzako. Siku ambayo swali la vijana hao lilipangwa kuulizwa bungeni, asubuhi akinywa chai kwa haraka, alimwambia mama kwamba angefanya hivyo. Mama akaweka kikombe chini. Akamshika bintiye viganja vyote viwili, akavibana, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa sawa na kumziba mtu mdomo. Alipoviachia, akasema kwa mikono yake polepole:

"Kama amekufa, nataka niambiwe na mikono hii. Sitaki mgeni aniambie."

Binti alivaa blauzi nyeusi ya kazi, akaenda.

Chumba cha wakalimani kilikuwa nyuma ya ukumbi, kidogo, kina kamera moja, taa mbili za kuchoma macho, na dirisha la kioo la kutazamia wabunge. Walifanya kazi wawili, kwa zamu za dakika ishirini, maana mikono huchoka na akili huchoka zaidi. Mwenzake alikuwa mwanaume mtu mzima, mpole, aliyepewa na viziwi jina la Kifungo kwa sababu shati lake lilikosa kifungo kimoja tangu siku ya kwanza. Yeye peke yake alijua habari za kaka. Alimwuliza mara moja kama ana uhakika, akajibiwa ndiyo, akaacha.

Maswali ya Mama Maswali yalikuwa matatu, na yote yamewekwa mwishoni, baada ya maswali ya wabunge wa chama tawala kuhusu uzuri wa barabara zao. La kwanza lilihusu haki. Kijana mmoja kiziwi amekaa rumande miaka miwili kwa sababu mahakama haina wa kumtafsiria, wako wangapi kama yeye, na watatoka lini? Waziri wa sheria alisimama, akashukuru, akaeleza historia ya mahakama tangu enzi hizo. Alizunguka weee, mpaka hata walioko upande wake wakaanza kutazama saa. Mkalimani alitafsiri kila neno. Alijua vizuri kinachofanyika: kipindi cha maswali ni saa moja kamili, na maneno yakimaliza saa, maswali yaliyobaki yanajifia yenyewe.

Waziri alipokaa, zilibaki dakika tisa. Swali la pili lilihusu haki za watu wenye ulemavu, na kwa kweli lilihusu ngazi zile tatu, na ngazi za mahakama, za shule na za ofisi zote za umma. Mbunge alilipigania mwaka mzima mpaka likakubaliwa. Waziri wa kulijibu alikuwa ameshashika bunda la karatasi nene kuliko la mwenzake, anatabasamu. Mama Maswali alilitazama bunda lile. Akaitazama saa ya ukutani. Spika akamwita mara ya pili.

"Mheshimiwa Spika, swali langu la pili naliondoa. Naomba twende la tatu."

Ukumbi ukanong'ona. Spika alimkumbusha kwamba swali lililoondolewa halirudi mpaka mwaka mwingine. Akasema anajua, kanuni anazisoma. Nyuma ya kioo, mkalimani alitafsiri hayo, akajua maana yake. Mwaka mwingine mzima wa kushikwa makwapani, mama wa watu, kwa ajili ya watoto wa wenzie.

Zamu yake iliisha hapohapo. Kifungo aliingia, mikono tayari. Mkalimani akatikisa kichwa. Kifungo hakubishana, alikwenda kusimama nyuma ya kamera, akainua viganja usawa wa kifua, ili akizidiwa ampokee bila neno kupotea.

Swali la tatu lilikuwa fupi. Vijana wetu waliodanganywa kazi wakapelekwa kwenye vita vya watu wengine, serikali inajua wako wapi? Waziri wa mambo ya nje alianza kwa kusema suala hilo ni nyeti. Kisha akasema vijana kumi na tisa wamethibitishwa kuwa hai, mateka katika kambi moja, na mazungumzo ya kuwarudisha yanaendelea. Akakaa. Mama Maswali, ambaye hakuwa ameondoka mezani, akaomba swali la nyongeza: majina. Waziri akasema familia zitajulishwa kwa utaratibu. Mbunge akasema utaratibu umeshakula miezi minane, na walio hai hawana aibu ya kutajwa. Spika, sijui aliguswa na nini siku hiyo, akaitazama saa, akasema ziko dakika tatu, Mheshimiwa Waziri asome.

Basi yakaanza. Mtu kiziwi hatajiwi jina kwa sauti. Linaandikwa hewani kwa vidole, herufi baada ya herufi, majina matatu ya kila kijana, na waziri anasoma kama anayekimbizwa. Mkalimani aliandika la kwanza, la pili, la tano. Alijua kona ile ya runinga inatazamwa na nani, kiti kimesogezwa karibu kiasi gani. La kumi likapita. La kumi na nne. Vidole vilikuwa imara, na kila jina lililokuja alilifurahia kwa ajili ya mwenye jina na kuliogopa kwa kuwa halikuwa la kaka. La kumi na saba likapita.

La kumi na nane lilikuwa la kaka yake, majina yote matatu, na waziri akikosea kutamka la katikati.

Hapo ndipo alipokosea kazi. Vidole vilitakiwa kuandika. Badala yake mkono wake uliondoka wenyewe, kidole cha shahada kikapanda usoni na kupita juu ya nyusi ya kushoto, taratibu, mbele ya nchi nzima. Akaona Kifungo amefumba macho. Akashtuka, akarudi, akaandika majina yale matatu herufi kwa herufi kama sheria inavyotaka, akaandika la kumi na tisa, akatafsiri Spika akiahirisha kikao. Taa zilipozimwa alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na Kifungo akakaa chini pamoja naye na shati lake lisilo na kifungo.

Simu ya picha aliyopiga mama haikuwa na maneno. Aligusa nyusi, akagusa tena, akagusa tena, machozi yanateremka, mpaka binti naye akawa anajibu vilevile.

Bosi wa wakalimani alitaka maelezo ya maandishi, kwa kuwa watazamaji wengi waliuliza ile alama ni ya neno gani. Mkalimani aliandika ukweli. Bosi aliusoma, akampa onyo rasmi, akafunga mlango, halafu akamkumbatia.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mbunge juu ya zile ngazi tatu, amesimama na magongo yake akiwangoja wahudumu. Akamweleza yote. Mama Maswali alisikiliza na machozi yakamlengalenga.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningeondolewa, Mheshimiwa. Na mama alitaka mikono yangu." Kisha akasema alichotumwa. "Amekupa jina."

"Magongo, siyo? Najua wananiita hivyo."

"Wengine, ndiyo. Mama amekataa. Anasema aliliona swali lako la ngazi likiondoka, akaliona la kaka yangu likipita mahali pake."

Akamwonyesha. Kiganja kinaanzia kifuani, kinasogezwa kando wazi, vile mtu anavyofanya mlangoni akimwambia mwenzake apite kwanza. Mbunge alitaka kujaribu, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Akampa mkalimani gongo la kulia amshikie, akaegemea ukuta, akaweka kiganja kifuani. Alikosea mara mbili. Alirudia mpaka akalipata, na wahudumu waliokuja kumshusha wakasimama wakamngoja.