Moshi wa Ayelén Oyarzún Baada ya Saa Kumi na Mbili

Belisario Oyarzún alikuwa mwana wa Eleuterio, mtu wa kwanza kushika mpira wa kumwagia moto maji katika mji wa Pellinco. Eleuterio alikuwa mwana wa Teófilo, aliyepiga kengele ya moto kwa miaka thelathini na mmoja bila kuchelewa hata siku moja. Na Teófilo alikuwa mwana wa Custodio, aliyeileta pampu ya mkono juu ya mkokoteni wa maksai, akavuka nayo mito miwili katikati ya masika. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyelipwa kwa kuzima moto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kulipwa. Kule kusini mwa Chile wazimamoto wote ni watu wa kujitolea: mwoka mikate, mwalimu, fundi magari, kila mmoja huacha alichokishika king'ora kinapolia. Belisario mwenyewe, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, alikuwa mwakilishi wao kwa wilaya nzima. Kazi yake ilikuwa kupeleka shida zao ofisini na kurudi na majibu. Kwa miaka ishirini alikuwa akirudi na pongezi.

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa Juni, mjukuu wake Ayelén alikuwa mezani akinywa chai na maandazi ya maboga kabla ya kwenda dukani, ambako aliuza misumari na mabati. Alikohoa, na moshi ukamtoka kinywani, wa kijivu, mzito, ukatanda juu ya sahani. Ulinuka sukari iliyoungua.

Belisario aliunusa.

"Hilo ni ghala la akina Hott," alisema.

"La mwaka juzi, Babu. Mtungi wangu wa hewa uliisha nikiwa bado ndani."

"Fungua dirisha, basi," alisema Belisario, akamwongezea chai.

Tangu siku hiyo kila pumzi ya Ayelén ilitoka na moshi wa moto aliouzima katika miaka yake minane ya kujitolea, mmoja baada ya mwingine, pasipo kufuata mpangilio. Mtu mwenye macho mazuri aliweza kuona ndani yake vitu vilivyoteketea: ukingo wa pazia, mguu wa kitanda, sufuria iliyoning'inia. Habari zilienea, na watu waliounguliwa na nyumba wakaanza kuja uani na viti vyao. Bi Ercira, mjane wa nyumba ya jirani, alikuja kila siku na sufu yake ya kufuma.

"Mwanangu, leo umefika jikoni kwangu?"

"Bado, Bi Ercira. Niko kwenye duka la matairi."

"La Sandoval! Nilijua tu. Linanuka kama mwenyewe alivyonuka. Haya, nafuma. Ila ukifika kwenye kabati la marehemu, unistue."

Daktari wa mji alimpima Ayelén na kuandika kwamba mapafu yake yalikuwa yamejaa moshi nusu nzima. Kulikuwa na tiba katika hospitali ya mkoa, na ilifanya kazi iwapo ingeanza kabla ya majira ya kuchipua. Baada ya hapo, alisema, msichana angekuwa na moshi mwingi kuliko mapafu. Kilichohitajika kilikuwa muhuri wa Ofisi ya Walioumia Kazini.

Belisario alipiga viatu vyake rangi, akavaa koti la sherehe lenye nishani, akaenda.

Mkuu wa ofisi hiyo, Bwana Rigoberto Cárcamo, aliinuka kitini na kumkumbatia.

"Mzee Oyarzún! Shujaa wetu! Tungekuwa wapi bila nyinyi?"

"Nimeleta faili la mzimamoto aliyeumia kazini," alisema Belisario, ambaye hakupenda kukumbatiwa na watu wanaonuka marashi.

Bwana Cárcamo alilisoma faili kwa heshima zote.

"Binti huyu ameajiriwa na nani?"

"Hakuajiriwa. Anajitolea."

"Ndipo ugumu ulipo, Mzee wangu. Asiye na kazi ataumiaje kazini?"

"Aliumia ndani ya ghala la watu, akiwatoa walinzi wawili."

"Kwa hiari yake! Na hilo ndilo linalotutoa machozi." Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. "Tena tazama pale."

Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, ilikuwa hotuba ambayo Belisario mwenyewe aliitoa siku ya kuadhimisha miaka mia ya kikosi. Aliitunga kwa siku tatu na kuisoma akiwa wima mvuani. *Sisi wa Pellinco hatuombi, hatudai, wala hatutadai, kwa kuwa heshima yetu haina bei.*

"Tunaisoma kila Januari tunapopanga matumizi ya mwaka," alisema Bwana Cárcamo. "Inatusaidia sana. Ni maneno yako, sivyo?"

"Ni yangu."

"Na saini?"

Belisario aliitazama saini hiyo. Ilikuwa nzuri, imenyooka kama alivyofundishwa na masista. Hakuna Oyarzún aliyewahi kuikana saini yake.

"Ni yangu," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza katika vizazi vinne, mtu wa ukoo ule akatamka neno ambalo halikuwa na mazoea ya kukaa mdomoni mwake. "Naomba."

Lilitoka dogo, likaangukia mezani kati ya vidau vya wino. Bwana Cárcamo alilifunika kwa karatasi ili lisipeperuke, akaahidi kulifikisha mbele.

Faili lilifika mbele kweli. Lilipita ofisi tano, na kwa kuwa neno lililojirudia zaidi ndani yake lilikuwa moshi, likaishia katika Ofisi ya Hewa Safi, ambayo ilimtuma mkaguzi ndani ya siku mbili.

Mkaguzi aliitwa Yasna Barrientos, mwanamke mpole aliyekuja na kipimo ndani ya mkoba. Wakati wa baridi, hewa ya Pellinco inapochafuka kwa kuni za watu, dohani yoyote hairuhusiwi kutoa moshi wa kuonekana kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Alimweka Ayelén karibu na dirisha, akapima mara tatu.

"Mwaka wa kutengenezwa?"

"Nilizaliwa tisini na nane," alisema Ayelén.

"Una cheti cha ubora?"

"Nina cha ubatizo."

"Ayelén," alisema Belisario, "mjibu mgeni vizuri."

Yasna aliandika *jiko la kuni lisilo na cheti*, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi nyingine, na akaomba radhi kwa hilo.

"Kwa hiyo usiku nisipumue?"

"Kuvuta ndani unaruhusiwa, mpenzi. Kutoa ndiko kulikokatazwa."

Belisario alikuwa mtu wa sheria. Aliweka saa ya ukutani mahali ambapo mjukuu wake angeiona, na jioni ile ile Ayelén akaanza mazoezi. Siku ya kwanza alifika saa mbili usiku bila kutoa pumzi. Baada ya wiki mbili aliweza kufika alfajiri, mashavu yamejaa, akijibu kwa vidole alipoulizwa kama anataka mchuzi zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi alitoka uani na kuachia moshi wa saa zote, na majirani walikuwa tayari wamekaa. Ilikuwa katika moja ya asubuhi hizo ndipo kabati la marehemu lilipopita. Bi Ercira aliweka sufu chini, akaliona koti la mumewe likiwa bado limening'inia, akaingiza mkono wake mfukoni mwa koti hilo hadi lilipopotea juu ya paa.

"Aliniambia hana sigara," alisema. "Mwongo mkubwa yule." Akakaa pale mpaka adhuhuri.

Ijumaa iliyofuata king'ora kililia saa moja na robo jioni. Karakana ya seremala ilikuwa inaungua, na wazee wawili walikuwa ghorofani. Ayelén aliinuka mashavu yamejaa. Belisario alisimama mlangoni, na ingetosha asisogee. Alijua kilichokuwa ndani ya kifua kile na kilichokuwa kinakwenda kuongezwa. Akaitwaa kofia ngumu kutoka kwenye msumari, akamvisha, akamfungia kamba chini ya kidevu, kama baba yake alivyomfungia yeye.

Ayelén aliingia bila barakoa na bila mtungi, kwa kuwa hakuwa na haja ya hewa hadi kesho yake, akawatoa wazee wote wawili. Kamanda aliandika katika ripoti kwamba hakuna mtungi uliotumika. Ripoti hiyo ilimfurahisha sana Bwana Cárcamo. Alikuja na mpiga picha na tuzo yenye utepe, akaagiza vikosi vyote vya wilaya vifundishwe mbinu hiyo, na oda ya mitungi mipya ikafutwa.

"Na tiba?" aliuliza Belisario mbele ya mpiga picha.

"Faili limefungwa, Mzee wangu. Limeandikwa *limeshughulikiwa*. Sogea kidogo, nishani zako zinang'aa kwenye kamera."

Kufikia mwisho wa Agosti wazimamoto kumi na mmoja walikuwa wakizuia pumzi usiku na kufuka uani asubuhi, na watu walilazimika kuchagua uani kwa nani waende. Miti ya plamu ilichanua; majira ya kuchipua yalikuwa yamefika. Daktari aliweka kipimo chake juu ya mgongo wa Ayelén, akasikia paa likianguka, akarudisha kipimo mfukoni.

Septemba, kama ilivyo desturi, vijana walikuja kujiandikisha. Walikuwa tisa, wamechana nywele. Ayelén alikaa mezani akiandika majina yao, akitua kila baada ya jina moja ili moshi upungue na daftari lionekane. Hakuna aliyemuuliza kitu. Belisario alialikwa kusema maneno machache. Alisimama wima na koti lake la sherehe, bila karatasi.

"Kabla hujavaa viatu hivi," alisema, "muulize anayekuvisha ni nani atakayekutibu. Akikuita shujaa, hajajibu, muulize tena. Akikukumbatia, muulize akiwa amekukumbatia hivyo hivyo. Mimi sikuuliza. Niliona fahari kutouliza, nikaiandika fahari hiyo kwa mwandiko mzuri, na anayeilipia ni huyu hapa anayeandika majina yenu. Mtazameni."

Vijana walimtazama Belisario. Macho yao yalijaa machozi, labda kwa sababu ya moshi, wakasimama wote tisa na kumpigia makofi marefu.

"Nyamazeni," alisema Belisario. "Shusheni mikono hiyo. Kaeni chini, mnisikilize."