Nani Kafunga Koki?

Mume wangu akishika injini, mtu humwambii kitu. Usimwite kula, usimwulize funguo ziko wapi, hata kukohoa usikohoe. Mtaani wanamwita Mkuu wa Anga, kwa kumtania, na mwenyewe jina hilo linampendeza. Zamani nilikuwa namuuliza kila siku: hivi umemuoa nani, mimi au hilo dude? Alikuwa anacheka mpaka machozi. Siku hizi hacheki, na mimi nimeacha kuuliza.

Ndege aliiunda yeye, kwenye banda hili la nyuma ya nyumba. Mabawa niliyashona mimi, maana cherehani ndiyo kazi yangu. Aliyeirusha ni kaka yangu, rubani wa miaka mingi wa kunyunyizia dawa mashambani. Ilipaa vizuri, tukapiga vigelegele. Halafu ikiwa juu ya mahindi injini ikakohoa, ikazimika, na ndege ikashuka kama tofali. Kaka alivunjika uti wa mgongo. Tangu hapo analala kwetu, chumba kinachopakana na banda, na miguu yake haimsikii tena.

Kumbukumbu ya dakika zile imemfutika kabisa. Mume wangu ndiye aliyemjazia pengo. Injini haina kosa, alimwambia, nimeipima hapa chini mara chungu nzima. Bila shaka, shemeji, uligusa koki ya mafuta ukaifunga, mkono umeteleza tu, ni jambo la kumkuta yeyote. Alilisema kwa upole kabisa, na kaka akaliamini. Basi kila asubuhi, nikiwa namgeuza ubavu nimpanguse, akisikia mlango wa banda unafunguliwa hupaza sauti: "Shemeji, nisamehe. Nimekuharibia ndege yako." Na mume wangu hujibu toka upande wa pili wa ukuta, "Yameisha, shemeji."

Yameisha! Mtu anakonda mbele ya macho yangu. Chakula anakigeuzia uso, dawa anatema. Anasema aliyejivunja mwenyewe hana haki ya kuhangaisha watu. Moyo unaniuma, jamani, na sina wa kumlaumu.

Sasa huyu bwana akaja na mpya: anaiwasha injini ile ile, anataka kuifunga kwenye ndege ya pili. Damu ilinichemka. "Ya pili! Huyu wa ndege ya kwanza umemaliza kumzika?"

"Injini haikumkosea mtu," akasema. "Njoo unishikie ndoo."

Nilikwenda, na mdomo wangu nimeuvuta hadi huku. Injini alikuwa ameifunga kwenye fremu ya chuma, na nyuma yake lile lile tangi la bati jepesi lililotoka kwenye ajali. Siku ile waliotuokolea kaka walifungua mfuniko wakamwaga petroli yote, wasije wakaungua, kwa hiyo tangi lenyewe lilipona. Akainua fremu kwa mbele, kama ndege inayopanda, maana mafuta yanatakiwa yafike hata pua ikiwa juu. Akachomoa paipu kwenye kabureta, akawasha pampu, petroli ikamiminika ndooni.

"Unaona? Kama mkojo wa ng'ombe," akasema, anajisifu.

Chujio safi, halina hata chembe. Akarudisha paipu, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, akanusa kidole. Kila mara alichovya kijiti kwenye tangi, akatazama mafuta yamefika wapi, akachovya tena. Ndivyo alivyopima tangu mwanzo, mdomo wa tangi wazi, au umezibwa na kipande cha kitambaa changu. Mfuniko ulikuwa kitu cha mwisho kutengenezwa. Aliuchonga mwenyewe jioni ya kuamkia siku ya kuruka, akautia mpira ndani, akanionyesha kwa mbwembwe: haupitishi hata tone! Na sasa ulikuwa umekaa pale mezani, unang'aa.

Akawasha. Pangaboi likazunguka mpaka halionekani, bati za paa zikatetemeka. Akaongeza kasi, meno yote nje. Tangi lilikuwa limejaa pomoni, na kwa mtetemo ule likaanza kurusha petroli sakafuni, karibu na vitambaa vyangu.

"Funika!" nikapiga kelele. "Unataka kutuchoma na mgonjwa ndani?"

Hakusikia. Nikauchukua mfuniko mwenyewe, nikaukaza kwa hasira zangu zote. Injini iliendelea kunguruma kama kawaida, mpaka nikaanza kuokota vitambaa.

Halafu ikakohoa. Ikajikaza, ikakohoa tena, pangaboi likapunguza mwendo, likasimama.

Mume wangu aliirukia koki. Iko wazi. Akagonga tangi, limejaa. Ndipo akaona, na mimi nikaona, ubavu wa tangi umebonyea ndani. Akaufungua mfuniko taratibu. Ukavuta hewa, fyuuu, na bati likarudi mahali pake, ko!

Fundi hahitaji kuelezwa. Mafuta hayatoki mahali ambapo hewa haiingii. Mfuniko wake haukuwa na tundu, hata la sindano. Uso ulimshuka.

Sauti ya kaka ikapenya ukutani, kali, sijaisikia hivyo tangu aanguke. "Hivyo hivyo! Ilikohoa hivyo hivyo! Nani kafunga koki?"

Mume wangu akanigeukia, akanong'ona, "Mwambie ni mimi. Mwambie nimeifunga nikijaribu."

Nilimtazama huyu mtu niliyemshonea mabawa. Nilimchukia na nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

"Hakuna aliyeifunga, kaka!" nikaita. "Koki iko wazi!"

Kaka akauliza, polepole: "Hata siku ile, shemeji?"

Mume wangu alikuwa bado ameushika ule mfuniko. "Hata siku ile," akasema, kwa sauti ya chini hata mimi niliyekuwa ubavuni mwake niliisikia kwa shida.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Mwenzio anakuomba msamaha kwa sauti kila asubuhi."